Nyumba ya Mwenye Shida: Faida Imo Kwenye Karatasi

Fedha ya tumbaku ina msimu wake. Masoko hufunguliwa kuanzia mwezi wa nne hivi, chama cha ushirika (AMCOS) hukata deni la mbolea, na kinachobaki hujenga, huoza na kulipa madeni ya dukani. Ikifika Novemba mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge yuko shambani anapandikiza miche na mfukoni hana kitu, halafu Januari shule zinafunguliwa. Huo ndio wakati madalali wa Tabora mjini hupitisha neno: kuna nyumba Isevya, mwenyewe ana shida, maelewano yapo. Ongeza mgonjwa wa hospitali ya Kitete aliyepewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ongeza ndugu wanaotaka kugawana urithi wa mzee haraka, ongeza mfanyabiashara aliyezidiwa na marejesho ya benki, utaona kwa nini nyumba za namna hii hazikosekani mwaka mzima.

Kwa wanaotafuta pa kuweka mtaji, soko hili linavutia, na siku hizi lina walimu wake. Somo linalofundishwa mitandaoni limetoka Marekani: mtafute mwenye shida, funga naye mkataba kwa bei ya chini, kisha mwuzie mtu mwingine mkataba huo kabla hujatoa shilingi yako. Tabora jambo hili si geni, dalali amekuwa akiweka cha juu tangu zamani. Makala haya hayasemi biashara hiyo iachwe. Yanasema kwamba punguzo analopata mnunuzi wa nyumba ya mwenye shida ni ujira wa kazi, na kazi yenyewe ni kunyoosha karatasi ambazo muuzaji ameshindwa kuzinyoosha. Anayelichukua punguzo bila kuifanya kazi hiyo amenunua kesi, na kesi ya ardhi hairudishi nauli.

Tuanze na hilo somo la Marekani, maana linasafirishwa likiwa limeachwa nusu yake nyuma. Kule ziko kampuni zinazopekua historia ya umiliki na kuuza bima ya hati. Hati ikiwa na kasoro, bima inalipa. Ziko pia ofisi zinazoshika fedha za mauziano mpaka kila upande utimize sehemu yake. Mtu anayeuza mkataba bila kuigusa nyumba amesimama juu ya mabega ya watu wengi waliolipwa kuhakikisha nyumba ni ya anayesema ni yake. Na bado malalamiko ya wazee waliouzishwa mbio nyumba zao yalizidi, mpaka jimbo la Illinois likaanza mwaka 2019 kudai leseni kwa anayefanya biashara hiyo zaidi ya mara moja kwa mwaka, na Oklahoma ikatunga mwaka 2021 sheria mahususi ya kuwadhibiti. Tabora hakuna bima ya hati. Mnunuzi ndiye bima yake mwenyewe, na asipopekua yeye hakuna atakayepekua.

Na mji huu una mengi ya kupekua kuliko miji mingi. Watu wamejenga, wamehama na kurithishana hapa tangu siku za Kazeh na utemi wa Unyanyembe, kabla reli haijafika mwaka 1912. Kila utawala umeacha tabaka lake la umiliki. Wajerumani walitoa hati za kumiliki moja kwa moja. Hizo zilibadilishwa kuwa za kupangishwa na serikali mwaka 1963, na baadaye kuwa haki ya kukalia ardhi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi katikati ya miji, na leo yaliyobaki yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana fremu ya duka barabara kuu inaweza kuuzwa kwa bei nzuri na mtu ambaye ni mpangaji tu; anachouza ni kilemba, na kilemba hakihamishi umiliki hata kikilipwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Tabora ni makutano ya reli, kwa hiyo yapo maeneo na nyumba za reli ambazo familia zimekaa vizazi viwili hadi zikasahau kwamba si zao. Katika mitaa ya zamani kama Ng'ambo na Gongoni kuna jambo la kuuliza msikitini kabla ya kuuliza ofisini: je, nyumba hii iliwekwa wakfu? Wakfu hauuzwi, hata wajukuu wote wakitia saini. Nje kidogo, kuelekea Uyui, ardhi ni ya kijiji na mauziano yake lazima yapite halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Muuzaji anaweza asijue lolote kati ya haya, na wala si lazima awe tapeli. Anajua tu kwamba baba yake alikaa hapo.

Sasa tazama karatasi zenyewe anazotoa. Mara nyingi ni bahasha ya kaki yenye stakabadhi za kodi ya pango la ardhi za miaka michache, barua ya toleo iliyochanika kwenye kunjo, na hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, ikiwa na muhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi wanne ambao wawili wameshafariki. Wengine huongeza risiti ya LUKU kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo. Risiti ya LUKU inaonyesha nani alinunua umeme, basi. Muhuri wa mtaa nao unaonyesha kwamba mwenyekiti alikuwapo, na pengine kwamba alipewa ile asilimia 10 ya mazoea. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki. Kwa eneo lililopimwa, jibu liko kwenye daftari la Msajili wa Hati, na tangu ofisi za ardhi za mikoa zifunguliwe mwaka 2020 huhitaji kusafiri kulipata. Hapo utajua jina lililoandikwa, kama kuna rehani, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Ukikuta jina ni la marehemu, usikate tamaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe inayokusubiri.

Nyumba nyingi zinazouzwa kwa shida zina mtu wa pili ambaye hayupo mezani. Wa kwanza kumtafuta ni mke au mume. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Madalali wanalijua hili, ndiyo maana hukuletea kiapo kwamba muuzaji hajaoa. Kiapo hicho kichukue, lakini nenda pia ukaulize majirani watatu. Na palipo na ndoa ya wake wengi, ridhaa inayohitajika kwa usalama wako ni ya kila mke, hata yule aliyeko kijijini ambaye unaambiwa hahusiki. Wa pili ni warithi. Kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama, na kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa bado si mmiliki: anawajibika kupeleka mahakamani orodha ya mali kwa Fomu Na. 5 na hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Mnunuzi mwenye akili anaomba kuona barua ya uteuzi na jina la msimamizi likiwa limeingizwa kwenye hati, na anataka warithi wote wazima watie saini kuridhia, ingawa sheria ingeweza kutosheka na msimamizi peke yake. Ukuta uliopakwa rangi nyekundu maneno "Nyumba hii haiuzwi" mara nyingi umeandikwa na mrithi ambaye hakuombwa saini hiyo.

Kuna shauri moja kutoka Kagera ambalo kila mnunuzi wa ardhi ya familia angepaswa kulijua, na si kwa sababu inayotajwa siku zote. Katika Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa mwaka 1990 na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, mwanamke alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo alitaka mauzo yabatilishwe kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ilikataa, ikisema mila hiyo inabagua na inakwenda kinyume na Katiba. Uamuzi huo unasifiwa kwa haki, na unastahili. Lakini soma sehemu ya mwisho kwa jicho la mnunuzi: mahakama ilimpa ndugu yule miezi 6 ya kulikomboa shamba kwa kurudisha shilingi 300,000 zile zile. Mnunuzi aliyekuwa na haki upande wake alikaa zaidi ya mwaka mahakamani, kisha akabaki anasubiri kama atarudishiwa alichotoa bila nyongeza. Kama alitegemea kuuza kwa cha juu ndani ya mwezi mmoja, hesabu yake ilikufa siku ile shauri lilipofunguliwa.

Bei yenyewe inaweza kugeuka ushahidi dhidi yako. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba bei ndogo inabatilisha mkataba. Watu wazima wana uhuru wa kuuza kwa hasara. Inasema hata hivyo kwamba udogo wa bei ni jambo ambalo mahakama inaweza kulitazama inapoamua kama muuzaji aliridhia kwa hiari. Na inapoeleza ushawishi usiofaa, inamtaja waziwazi mtu ambaye akili yake imedhoofishwa kwa muda au kwa kudumu na uzee, ugonjwa, au dhiki ya mwili au ya mawazo. Weka vifungu hivyo viwili mbele ya hakimu, pamoja na mjane aliyeuza nyumba ya milioni 40 kwa milioni 18 wiki mbili baada ya arobaini, na wakili wa watoto wake hana kazi kubwa ya kufanya. Dirisha la kudai ardhi ni miaka 12. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mama yake alipouza atakuwa na umri wa kujua anwani ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kabla dirisha hilo halijafungwa.

Msomaji wa biashara anaweza kusema haya ni mahubiri, tuonyeshe namba. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ikiuzwa kwa utulivu ingefika milioni 40. Njia ya kwanza ni kumbana mwenye shida hadi milioni 26 na kufunga biashara kesho yake. Njia ya pili ni kumpa milioni 32, kwa masharti kwamba wenye haki wote watie saini na hati inyooke kabla ya fedha kukamilika. Gharama zako za ushuru wa stempu, wakili na ofisi ya ardhi tuziweke milioni 1.5 kwa njia zote mbili. Ukiuza kwa 40, faida ya njia ya kwanza kabla ya kodi ni milioni 12.5, na kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10, kwa hiyo unabaki na milioni 11.25. Njia ya pili inakuachia milioni 5.85. Hadi hapo wa kwanza anaonekana mjanja. Sasa nunua nyumba tatu, na moja ikwame mahakamani. Faida za zile mbili ni milioni 22.5, na zilizokwama ni milioni 26; uko chini kwa milioni 3.5, wakati mwenzako wa njia ya pili ana milioni 17.55 mkononi na majina matatu ya familia zitakazomtaja vizuri. Utasema si moja katika tatu inayokwama. Sawa, hata ikikwama moja katika saba, njia ya kwanza inaleta milioni 41.5 na ya pili karibu 41. Zinalingana. Mwenye kununua nyumba za urithi kwa hati za mistari na kudhani kesi itakuwa chini ya moja katika saba ana matumaini makubwa sana.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa muuzaji. Mwenye mgonjwa hana muda wa kungoja Fomu Na. 6. Anahitaji fedha Ijumaa, na mnunuzi anayemwambia kwanza tukanyooshe mirathi amemwambia akazike. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linalowafanya walanguzi wajione wasamaria. Jibu lake ni kutenganisha dharura na mauzo. Kinachohitajika Ijumaa si milioni 32. Ni milioni moja na nusu ya gari, vipimo na kitanda. Andikeni mkataba mfupi wa malipo ya awali ya kiasi hicho, yakilipwa moja kwa moja panapohitajika, na mseme kwa maandishi nini kitatokea mauzo yasipokamilika: ama yatarudishwa bila riba ndani ya muda mliokubaliana, ama yatageuka kodi ya vyumba viwili kwa miezi kadhaa. Bei kamili isikubaliwe siku hiyo ya machozi; ikubaliwe baada ya wiki mbili, mbele ya ndugu, ikiwezekana baada ya mthamini aliyesajiliwa kutoa neno lake. Utakuwa umehatarisha milioni moja na nusu badala ya 26. Na ukweli ambao walanguzi hawapendi kuusikia ni kwamba baadhi ya wauzaji, wakishapata fedha ya Ijumaa, hawauzi tena. Hiyo ni hasara ndogo kwako na nyumba imebaki kwa wenyewe. Mwenye kuona hilo ni janga hakuwa anafanya biashara ya nyumba, alikuwa anafanya biashara ya ugonjwa.

Aliyezidiwa na mkopo wa benki ni muuzaji wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ndiye bora kushughulika naye, maana shida yake ina tarehe na ina karatasi. Sheria inaitaka benki impe taarifa ya siku 60 kabla ya kuuza, na mnada wa ardhi unahitaji tangazo la hadharani la siku zisizopungua 14. Wengi hungoja mnada wakiamini ndiko kwenye bei ya kutupa. Lakini benki nayo ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana: chini ya kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi, ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa soko, inachukuliwa kwamba imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Nyumba ya mnadani pia huja na watu ndani yake, wenye hasira na mara nyingi wenye wakili. Nenda mapema, ndani ya zile siku 60. Mwenye nyumba auze mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Sehemu ya bei iingie kwenye akaunti ya mkopo, benki itoe hati ya kufuta rehani, na kinachozidi kiende mkononi mwake. Yeye anaokoa kitu ambacho mnada ungekimeza kwa riba na gharama za dalali, wewe unapata hati ambayo benki ilishaipekua kabla yako, na hakuna wa kufukuzwa.

Nimefika kwenye cha juu. Dalali anamwambia mama wa Cheyo kwamba mteja ana milioni 25, anamwambia mteja kwamba mama anataka 33, na milioni nane zinapotelea kati ya vyumba viwili. Watetezi wake wana hoja: Tabora yenyewe imejengwa na pengo la bei. Misafara ya Bagamoyo haikumweleza mwenye pembe za ndovu huku bara bei ya Unguja, na hakuna aliyeiita wizi. Ni kweli. Lakini mwenye msafara alikuwa amenunua. Alikopa nguo na shanga kwa matajiri wa Unguja kwa riba, akatembea miezi, na mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, ilimbidi apigane au abaki na mzigo wake Unyanyembe. Dalali wetu hajanunua, hajakopa na hana mzigo utakaokwama. Pande zote mbili zimemwamini kuwa mjumbe. Na pembe haikuwa na watoto wa kufungua shauri. Siku mama atakapoiona hati ya mauziano yenye milioni 33, na ataiona kwa sababu TRA watataka kodi kwa bei hiyo, mauzo yote yatakuwa mashakani na mteja aliyelipa kihalali ndiye atakayeitwa barazani.

Anayetaka kuunganisha wauzaji na wanunuzi ana njia safi za kupata fedha nzuri. Anaweza kuwa dalali wa wazi, na asilimia yake imeandikwa kwenye mkataba unaoonwa na wote wawili. Anaweza kununua kweli, akahamisha hati, akauza tena na kulipa kodi yake. Hapo cha juu ni faida yake na haiulizwi na mtu, ila akiwa anafanya hivyo mfululizo ajiandae kuhesabiwa na TRA kuwa mfanyabiashara kamili. Au anaweza kulipa kwa maandishi haki ya kununua ndani ya siku 60, fedha hiyo ikibaki kwa muuzaji vyovyote itakavyokuwa, na mkataba ukitamka kwamba anaweza kumleta mnunuzi mwingine kwa bei ya juu zaidi. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo hapa hayana miguu. Zile siku 60 azitumie kufanya kazi niliyoisema: kusukuma mirathi, kutafuta saini ya mke wa pili, kulipa malimbikizo ya pango la ardhi, kuwaita wapimaji warudishe bikoni zilizong'olewa. Nyumba iliyoingia kwake ikiwa na thamani ya milioni 30 kwa sababu hakuna anayethubutu kuigusa, inatoka ikiwa ya 40 kwa sababu kila mtu anaweza. Tofauti hiyo ameitengeneza yeye, na anaweza kumweleza muuzaji usoni. Asichotakiwa kukitegemea ni ile hati ya uwakala anayopewa na mzee ili "amsaidie kuuza": mzee akifariki, uwakala nao umekufa, na kila saini iliyowekwa baada ya hapo ni bure.

Neno fupi kuhusu reli mpya. Mikataba ya SGR ya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma ilisainiwa kati ya 2021 na 2022, na tangu hapo kuna watu wanaopita wakiwaambia wenye viwanja pembezoni mwa mji kwamba watabomolewa bila kitu, wauze sasa. Kumtisha mtu kwa habari unayojua si ya kweli ili auze ni udanganyifu, na mkataba wake unavunjika. Anayepitiwa na mradi ana haki ya fidia inayohesabu thamani ya soko pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Kwa upande wa pili, mnunuzi anayefuata fidia ajue kwamba jina linaloandikwa ni la aliyekutwa na wathamini. Akinunua baada ya hapo amenunua alama ya X ukutani. Na kwa kiwanja chochote kando ya barabara kuu, pima mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande kabla hujapima ukubwa wa sebule.

Siku ya kukamilisha, fanyeni kwa wakili, fedha zikiwa zimeingizwa kwenye akaunti yake ya wateja au zikihama benki kwa benki hadi akaunti yenye jina la muuzaji, siyo la mpwa wake. Mkataba utaje nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji. Kisheria ni muuzaji, na mwenye shida mara nyingi hajui kwamba akiwa amemiliki nyumba hiyo miaka 3 au zaidi, ameishi humo miaka 2, na faida haizidi milioni 15, amesamehewa. Mwambie. Mkataba utaje pia wapangaji kwa majina na kodi waliyokwisha kulipa mbele, maana kodi hiyo iko mfukoni mwa muuzaji na wao wataitumia kwako. Mpe muuzaji siku za kuhama zilizoandikwa, na ubakize sehemu ndogo ya bei hadi akabidhi funguo. Kisha usilale na karatasi: peleka maombi ya kibali cha Kamishna wa Ardhi, lipa stempu, uandikishe uhamisho jina lako liingie kwenye daftari kabla hujamtafuta mnunuzi wako. Ukimwuzia ukiwa na hati ya mauziano tu, naye akamwuzia mwingine hivyo hivyo, mtakuwa watu watatu mnaotegemea uhai na uungwana wa mzee mmoja ambaye jina lake bado ndilo lililo kwa Msajili.